Namna ya Kuyachunguza na Kuyafundisha Maisha ya Paul Robeson

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa historia au fasihi, kiongozi wa klabu ya wanafunzi, mtayarishaji wa kipindi cha redio, au msomaji yeyote anayetaka kuyafahamu kwa kina maisha ya Paul Robeson na kuyaeleza kwa wengine. Robeson alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, New Jersey, na kufariki tarehe 23 Januari 1976 mjini Philadelphia. Katikati ya tarehe hizo mbili alikuwa mwanamichezo, mwanasheria, mwimbaji, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na mtetezi wa haki aliyenyang'anywa pasipoti na serikali yake mwenyewe kwa miaka minane. Wengi humfundisha kwa kuzipanga sifa hizo moja baada ya nyingine, kisha darasa likaondoka likimkumbuka kama mtu aliyekuwa na vipaji vingi. Njia hiyo inampunja. Robeson hakuwa msanii ambaye pembeni alifanya siasa. Namna alivyoimba, nafasi alizozikubali na alizozikataa, hata lugha alizojifunza, vyote vilikuwa sehemu ya mapambano yake, na kazi ya anayemfundisha ni kuuonyesha uhusiano huo kwa ushahidi.

Anza kwa kusikiliza

Usianze na mwaka wa kuzaliwa. Anza na sauti yake, kwa sababu rekodi zake zinapatikana kwa urahisi mtandaoni na dakika tatu za kumsikiliza zinafanya kazi ambayo nusu saa ya maelezo haiwezi kuifanya. Sauti ya Robeson ilikuwa nzito, ya besi, na kwa hiyo haifai kuchezwa kwenye spika ndogo ya simu, ambayo huikata sehemu ya chini ya sauti na kumwachia msikilizaji kivuli chake tu. Tafuta spika kubwa, ijaribu kabla ya watu kufika, na upakue rekodi mapema ili mtandao usikukatishe katikati ya wimbo.

Wimbo wa kwanza uwe mmojawapo wa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, zile zilizotungwa na watu waliokuwa utumwani katika mashamba ya kusini. Kabla ya kuucheza, toa muhtasari mfupi wa maana yake kwa Kiswahili, kisha waache watu wausikilize bila kuwakatiza. Baada ya hapo eleza jambo lifuatalo: tarehe 19 Aprili 1925, katika ukumbi wa Greenwich Village Theatre jijini New York, Robeson na mpiga piano wake Lawrence Brown walifanya tamasha ambalo lote lilikuwa la nyimbo za watu weusi. Hadi wakati huo waimbaji weusi waliosomea muziki waliziweka nyimbo hizo mwishoni, baada ya nyimbo za Kizungu, kama nyongeza ya kuwafurahisha wasikilizaji. Robeson na Brown waliziweka mahali pa kwanza na pa mwisho, bila kuomba radhi. Huo ulikuwa uamuzi wa kisanaa na wa kisiasa kwa wakati mmoja, na ni vizuri darasa likauona mapema, kwa maana mengine yote yatafuata mkondo huo.

Wimbo wa pili, ambao kwa maoni yangu ndiyo nyenzo bora kuliko zote alizotuachia, ni "Ol' Man River", ulioandikwa na Jerome Kern na Oscar Hammerstein kwa ajili ya "Show Boat", mchezo wa kuigiza wa muziki uliomfanya Robeson kuwa nyota jijini London mwaka 1928. Mwimbaji wa wimbo huo ni kibarua mweusi anayebeba mizigo kando ya mto Mississippi, na maneno yake ya awali ni ya mtu aliyekata tamaa: amechoka kuishi na anaogopa kufa. Kuanzia miaka ya 1930 Robeson aliyabadilisha maneno hayo kila alipouimba kwenye matamasha, na badala ya kusema amechoka akasema kwamba lazima aendelee kupigana hadi kufa kwake. Tafuta rekodi mbili, moja ya mapema, kwa mfano ile ya filamu ya mchezo huo ya mwaka 1936, na nyingine ya matamasha ya baadaye. Gawa ubao sehemu mbili, andika maana ya kila toleo kwa Kiswahili, na uwaulize wasikilizaji nini kilibadilika katika maisha ya mwimbaji baina ya rekodi hizo mbili. Wasijibiwe papo hapo. Swali hilo ndilo litakaloongoza sehemu zote zinazofuata.

Eleza asili yake kwa kumpitia baba

Utoto wa Robeson unaweza kuelezwa kwa ufupi, ila baba yake anahitaji muda. William Drew Robeson alizaliwa utumwani North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka 15, akasoma Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa mjini Princeton. Aliondolewa kwenye kanisa hilo baada ya miaka mingi ya utumishi, na ikambidi kufanya kazi za kubeba majivu na kuendesha gari la farasi ili familia ile. Mama yake Paul, Maria Louisa Bustill, alifariki mwaka 1904 kwa kuungua moto nyumbani, mwanawe akiwa bado hajatimiza miaka sita. Mtoto huyo alilelewa na mtu aliyekuwa mtumwa, aliyempoteza mke na kupoteza wadhifa, na ambaye hakuwahi kusikika akilalamika mbele ya watoto wake. Sisitiza kwamba utumwa kwa Robeson haukuwa habari ya vitabuni. Ulikuwa mtu aliyekaa naye mezani akimsahihisha masomo ya Kilatini. Utakapofika kwenye ushahidi wake wa mwaka 1956, jambo hili litajieleza lenyewe.

Miaka ya chuo ipite haraka. Mwaka 1915 alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu katika historia ya chuo hicho. Katika majaribio ya kujiunga na timu ya mpira wa Kimarekani, wenzake weupe walimuumiza kwa makusudi, naye akarudi uwanjani. Mwaka 1917 na 1918 alichaguliwa miongoni mwa wachezaji bora wa taifa zima. Mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya wahitimu. Alisomea sheria Columbia na kuhitimu mwaka 1923, lakini uwakili wake ulikatika mapema: katika ofisi aliyoajiriwa, katibu mweupe alikataa kuandika barua alizomsomea, kwa sababu tu alikuwa mweusi. Akaondoka, na hakurudi tena kwenye taaluma hiyo. Ukiwa na wanafunzi wa sekondari, wape nafasi wajadili tukio hilo la katibu, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini mtu mwenye shahada ya sheria aliishia jukwaani.

Chagua filamu kwa uangalifu

Hapa ndipo waandaaji wengi hukosea, kwa kuonyesha filamu yoyote wanayoikuta. Filamu za Robeson hazilingani thamani, na baadhi yake yeye mwenyewe alizikana. Mimi ningeshauri mbili.

Ya kwanza ni "Sanders of the River" ya mwaka 1935, na ionyeshwe kwa vipande, si nzima. Robeson aliikubali kwa sababu aliahidiwa kwamba ingeonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima, na baadhi ya picha zake zilipigwa kweli barani Afrika. Filamu ilipotoka, iligeuka kuwa sifa kwa ofisa wa kikoloni wa Kiingereza anayewatawala Waafrika kana kwamba ni watoto, na Robeson, anayeigiza kama chifu Bosambo, akawa msaidizi wake mtiifu. Aliumizwa sana na matokeo hayo, na baadaye akaikataa kazi hiyo hadharani. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kuitazama: miongoni mwa Waafrika walioajiriwa jijini London kuigiza nafasi ndogo za machifu alikuwamo Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akiishi huko kama mwanafunzi na mtetezi wa ardhi ya Wakikuyu. Katika fremu za filamu moja ya kuutukuza ukoloni wamo mtu atakayekuwa Rais wa kwanza wa Kenya na mtu atakayenyimwa pasipoti kwa kuupinga ukoloni. Chagua kipande cha dakika tano au sita, kisha waulize watazamaji: kamera inamtazama nani kama mtu mzima, na nani kama mtoto? Msanii afanye nini anapogundua kwamba jina lake limetumika kuwatukana watu wake?

Swali hilo la pili lina jibu la kihistoria. Robeson alianza kudai haki ya kuidhinisha filamu kabla haijatolewa, na mwaka 1942, baada ya filamu ya Hollywood iitwayo "Tales of Manhattan" kumwonyesha tena mtu mweusi kama mjinga wa shambani, aliishutumu hadharani na kuachana na filamu za Hollywood moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka 44, katika kilele cha umaarufu wake.

Filamu ya pili ni "The Proud Valley" ya mwaka 1940, inayomhusu baharia mweusi anayepata kazi katika machimbo ya makaa ya mawe huko Wales na kupokewa na wachimbaji kwa sababu ya sauti yake na bidii yake. Ukiweza kuonyesha filamu moja nzima, iwe hii. Robeson alikuwa na urafiki wa kweli na wachimbaji wa Wales tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, alipokutana jijini London na kundi la wasio na kazi waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka kwao ili kudai msaada, akajiunga nao na kuwaimbia. Katika filamu hii, mfanyakazi mweusi na wafanyakazi weupe wanakula pamoja, wanashuka mgodini pamoja na kuidai haki pamoja. Kwa mwaka 1940, hilo halikuwa jambo la kawaida kwenye skrini.

Othello, kwa watu wa jukwaani

Kama kundi lako ni la waigizaji, tenga kikao kizima kwa ajili ya Othello. Wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kumzoea Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Nyerere, kwa hiyo mlango si mgeni. Robeson aliigiza nafasi hiyo London mwaka 1930, New York kuanzia tarehe 19 Oktoba 1943, na Stratford-upon-Avon mwaka 1959. Onyesho la New York ndilo lenye uzito zaidi. Hadi wakati huo ukumbi mkubwa wa Broadway haukuwahi kumweka mwigizaji mweusi katika nafasi ya Othello akiwa na waigizaji weupe, na kiini cha tamthilia ni ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe, jambo ambalo wakati huo lilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya Marekani. Onyesho hilo lilichezwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyowahi kuifikia Broadway. Lilipozungushwa katika miji mingine, Robeson alikataa kucheza katika ukumbi wowote uliowatenganisha watazamaji weusi na weupe.

Zoezi linalofaa ni hili. Chukua hotuba ya Othello ya mwisho, ile anayowaomba wasikilizaji wasimpunguzie wala wasimwongezee uovu wanapoisimulia habari yake, na uwaombe waigizaji wawili waisome kwa namna mbili: mmoja kama mume mwenye wivu aliyejuta, mwingine kama mgeni mwenye heshima aliyetumikia dola na kusalitiwa nayo. Robeson alielekea kwenye tafsiri hii ya pili. Kwake, Othello alikuwa mtu wa utamaduni mwingine aliyevunjiwa heshima katikati ya jamii ya Wazungu, na hasira yake ilitoka hapo. Kundi likijaribu njia zote mbili kwa sauti, litaona lenyewe tofauti.

Afrika aliyoikuta London

Sehemu hii wasomaji wetu huiulizia sana, na yafaa ielezwe bila kuitia chumvi. Mwaka 1934 Robeson alijiandikisha katika Chuo cha Masomo ya Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, ambacho baadaye kiliongezewa neno la Afrika katika jina lake, akasoma fonetiki na lugha kadhaa za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Aliandika makala akieleza kwamba mtu mweusi wa Marekani hawezi kujifahamu akiendelea kuiona Afrika kwa macho ya Wazungu. Jijini humo alifahamiana na Kenyatta, Nkrumah na Azikiwe, na alikuwa rafiki wa karibu wa umoja wa wanafunzi wa Afrika Magharibi. Alikuwa pia akiwatembelea mabaharia wa Kiafrika bandarini na kuzungumza nao, na yeye mwenyewe alisema kwamba ni London ndiko alikoigundua Afrika.

Usiishie kwenye hadithi ya kujifunza lugha. Onyesha alichokifanya nayo. Mwaka 1937 alishiriki kuanzisha chombo kilichokuja kuitwa Baraza la Masuala ya Afrika, akawa mwenyekiti wake kwa miaka mingi, akifanya kazi na wasomi kama Alphaeus Hunton na W. E. B. Du Bois. Mwaka 1946 baraza hilo lilikusanya maelfu ya watu katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York kudai uhuru wa makoloni, na katika miaka ya dharura nchini Kenya lilipaza sauti dhidi ya ukandamizaji wa Waingereza, wakati ambapo magazeti mengi ya Marekani yaliandika habari za Mau Mau kama hadithi za kutisha tu. Serikali ya Marekani ililiandama hadi likavunjwa mwaka 1955.

Kisa cha pasipoti

Hiki ndicho kitovu cha kipindi chako, na kipe muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Eleza kwanza msimamo aliouchukua tarehe 24 Juni 1937 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwenye mkutano wa kuwasaidia watoto wakimbizi wa Hispania. Huko alisema kwamba msanii hana budi kuchagua upande, apiganie uhuru au utumwa, na akaongeza: "Nimekwisha kuchagua. Sikuwa na njia nyingine." Mwaka uliofuata alikwenda Hispania yenyewe na kuwaimbia wapiganaji waliokuwa wakimpinga Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe kwenda kwa Rais Truman kudai sheria dhidi ya mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya Wazungu bila kesi wala hukumu, na mazungumzo yakaisha vibaya. Mwaka 1949 shirika la habari lilisambaza maneno ambayo Robeson alidaiwa kuyasema katika mkutano wa amani jijini Paris, kwamba watu weusi wa Marekani wasingepigana na Muungano wa Kisovieti. Maneno hayo hayakuwa yale aliyoyatamka, lakini yalikwisha kuenea. Tarehe 27 Agosti mwaka huo kundi la watu wenye chuki lilivunja tamasha lake karibu na Peekskill, New York. Tarehe 4 Septemba alirudi na kuimba, akizungukwa na wafanyakazi waliojipanga kumlinda, na watu walipokuwa wakiondoka, magari yao yalipigwa mawe huku polisi wakitazama. Zaidi ya watu 100 walijeruhiwa.

Mwaka 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi za nchini zilimfungia milango, na sasa hakuweza kwenda kuimba nje. Jambo ambalo halipaswi kukosekana katika kipindi chochote cha Afrika Mashariki ni sababu mojawapo iliyotolewa na serikali mahakamani: kwamba kwa miaka mingi Robeson alikuwa mwanasiasa mkereketwa wa kudai uhuru wa watu wa makoloni ya Afrika. Kupigania uhuru wetu kuliwekwa kwenye karatasi rasmi kama sababu ya kumfungia mtu mipaka. Mwalimu asome maelezo hayo taratibu, kisha anyamaze kidogo.

Eleza vilevile jinsi alivyoikwepa mipaka hiyo. Mwaka 1952, alipozuiwa kuingia Kanada ambako Wamarekani hawakuhitaji hata pasipoti, chama cha wafanyakazi wa migodini kiliandaa tamasha kwenye mpaka wenyewe, katika bustani ya Peace Arch. Robeson aliimba tarehe 18 Mei akiwa juu ya bodi ya lori upande wa Marekani, na maelfu ya Wakanada wakamsikiliza upande wao. Mwaka 1957 aliimba New York, na sauti yake ikapita kwenye waya wa simu chini ya Bahari ya Atlantiki hadi Porthcawl, kwenye tamasha la wachimbaji wa Wales, ambao nao walimwimbia. Rekodi ya tukio hilo la Wales ipo, na inafaa kuchezwa hapa.

Kisha fika tarehe 12 Juni 1956, alipoitwa mbele ya Kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyowachunguza watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Kumbukumbu ya maneno yaliyosemwa siku hiyo ni waraka wa serikali ya Marekani na inapatikana bure mtandaoni. Itafsiri sehemu yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili inatosha, na uigawe kwa wasomaji wanne: mwenyekiti Francis Walter, mwendesha maswali Richard Arens, mjumbe Gordon Scherer, na Robeson. Wasome wakiwa wamekaa, bila mapambo. Scherer anapomuuliza kwa nini hakubaki Urusi, Robeson anajibu: "Kwa sababu baba yangu alikuwa mtumwa, na watu wangu walikufa wakiijenga nchi hii, nami nitabaki hapa na kuwa na sehemu yangu kama wewe ulivyo na yako. Na hakuna watu wenye fikra za kifashisti watakaonifukuza. Je, umeelewa?" Mtu aliyemfahamu William Drew Robeson mwanzoni mwa kipindi atalisikia jibu hilo kwa uzito wake wote. Rudi sasa kwenye ubao wenye matoleo mawili ya wimbo, na uwape wasikilizaji nafasi ya kujibu swali la mwanzo.

Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua, katika kesi ya mtu mwingine, kwamba wizara haikuwa na mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya imani yake ya kisiasa.

Usiyaruke mambo magumu

Anayempenda Robeson hujaribiwa kuyafunika mawili yafuatayo, na anayemchukia huyatumia kuyafunika mengine yote. Yaelezwe yote mawili kwa utulivu.

La kwanza ni uhusiano wake na Muungano wa Kisovieti. Alikwenda huko kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1934, na alisema kwamba huko alijisikia kuwa binadamu kamili, kwa kuwa hakubaguliwa kwa rangi yake. Shukrani hiyo inaeleweka kwa mtu aliyetoka katika Marekani ya wakati ule. Hata hivyo, mwezi Juni 1949 alikutana mjini Moscow na rafiki yake, mshairi wa Kiyahudi Itzik Feffer, aliyeletwa kutoka kizuizini. Katika tamasha lake la Moscow, Robeson aliwataja marafiki zake Wayahudi na kuimba wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi wa Warsaw kwa lugha yao ya Kiyidi, kitendo cha ujasiri mahali pale. Lakini aliporudi Marekani alikanusha kwamba Wayahudi walikuwa wakiteswa huko, na Feffer aliuawa mwaka 1952. Robeson alikubali pia tuzo iliyoitwa kwa jina la Stalin, na Stalin alipofariki mwaka 1953 aliandika maneno ya kumsifu. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa zito, na sababu zake, yaani hofu ya kuwapa silaha maadui wa watu weusi nyumbani, zinalieleza kosa bila kulifuta. Wape wanafunzi ukweli wote na uwaache wapime.

La pili ni ugonjwa wake. Mwaka 1961 akiwa Moscow alijaribu kujiua, na baadaye alitibiwa katika hospitali moja jijini London kwa kupitishwa umeme kichwani mara nyingi. Alirejea Marekani mwishoni mwa mwaka 1963 na kuishi kimya, miaka ya mwisho akiwa nyumbani kwa dada yake Marian huko Philadelphia. Zungumzia jambo hili kwa heshima, bila kulifanya kuwa fumbo wala adhabu, na ukiwa na vijana wadogo, chagua maneno kwa uangalifu.

Hakiki kila nukuu

Mitandao imejaa maneno mazuri yenye picha ya Robeson pembeni, na mengi hayana tarehe wala mahali. Kanuni inayofaa ni rahisi: usiitumie nukuu yoyote ambayo huwezi kusema aliitamka wapi na mwaka gani. Kitabu chake mwenyewe, "Here I Stand", kilichotoka mwaka 1958, ndipo pa kuanzia kwa msimamo wake. Faili za idara ya upelelezi ya Marekani kumhusu, ambazo zimetolewa kwa umma, zisomwe kama ushahidi wa namna serikali ilivyomtazama, na si ushahidi wa namna alivyokuwa.

Kikao cha pili: Eslanda

Ukipata nafasi ya kikao cha pili, kiwe cha mkewe. Eslanda Goode Robeson, waliyeoana mwaka 1921, alisomea kemia, akafanya kazi hospitalini, akasimamia kazi za mumewe, kisha akasomea anthropolojia jijini London. Mwaka 1936 alisafiri na mtoto wao kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichochapishwa mwaka 1945, na mwezi Desemba 1958 alihudhuria Mkutano wa Watu Wote wa Afrika mjini Accra, uliokuwa chini ya uenyekiti wa Tom Mboya. Sura zake za Uganda zinafaa kusomwa pamoja na ramani, kituo kwa kituo. Mpe kila mshiriki sehemu moja ya safari, aeleze kile Eslanda alichokiona, alichokisifu na alichokikosoa, na alinganishe na kumbukumbu za wazee wa eneo hilo au za maktaba iliyo karibu.